BIMA YA HISANI SI BIMA



Kila mwaka wako wenzetu ambao watoto wao hupata nafasi ya kwenda Marekani kusoma shahada ya pili au ya tatu. Mzazi hufurahi, harambee huitishwa, na nauli hupatikana. Katika mikutano hiyo ya kuchanga watu huuliza habari za tiketi, za koti la baridi na za ada ya masomo. Habari za matibabu haziulizwi mpaka mtoto augue. Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme juu ya jambo hili, maana si jambo la wasomi peke yao. Ni jambo la wafanyakazi.

Pengine mtu atauliza, Chama cha watu wa reli kina shauri gani na wanafunzi wa Marekani? Tunamjibu hivi. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, ambaye wakati ule alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Kenya. Watu wa vyama walishiriki katika safari hizo tangu mwanzo.

Tena mwanafunzi wa shahada za juu huko Marekani mara nyingi ni mfanyakazi. Hufundisha wanafunzi wadogo, husahihisha mitihani, hufanya kazi za maabara mpaka usiku. Kwa kazi hiyo hupewa posho, husamehewa ada, na mara nyingi husaidiwa bima ya afya. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, basi hawezi kukimbilia kibarua kingine ili alipe hospitali. Na nchi ile haina mfuko mmoja wa taifa unaomtibu kila mtu. Asiye na bima, mguu uliovunjika unaweza kumwachia deni la miaka mingi.

Sasa sikieni yaliyotokea mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Missouri. Tarehe 14 Agosti wakubwa wa chuo waliwaandikia wanafunzi hao kwamba fedha za kuwasaidia kununua bima zimekoma. Notisi waliyopewa haikufika hata siku moja. Kati yao walikuwamo wenye mimba, wenye watoto wachanga na wenye maradhi ya kudumu, kama walivyo watu wo wote popote.

Wakubwa walisema wamefungwa na sheria ya kodi, isiyomruhusu mwajiri kumpa mfanyakazi wake fedha za kujinunulia bima. Angalieni sana maneno hayo: mwajiri na mfanyakazi. Siku ya kuondolewa bima walikuwa wafanyakazi. Lakini mwaka 2016 walipopiga kura kutaka Chama kiwasemee, chuo kilikataa kukitambua, kikisema hao ni wanafunzi.

Sisi watu wa karakana twaujua mchezo huu. Kijana wa kujifunza kazi akiomba mshahara wa fundi huambiwa, wewe bado ni mwanafunzi. Injini ikiharibika usiku wa manane huambiwa, amka fundi, kazi inangoja.

Ni kitu gani kilichowarudishia wale bima yao? Si machozi. Walikutana, wakajumuika, wakaandika madai yao. Tarehe 21 Agosti, juma moja tu baada ya barua ile, chuo kiliahidi kuwalipia bima kwa mwaka ule. Hata hivyo hawakulala. Tarehe 26 Agosti waliacha kazi wakakusanyika hadharani, maana walijua ahadi ya mwaka mmoja ni nguo ya kuazima, nayo haisitiri matako.

Mambo yaliendelea mahali pengine. Mwezi wa Agosti 2016 halmashauri ya taifa ya mambo ya kazi huko Marekani iliamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, kwamba wanafunzi wanaofundisha katika vyuo vikuu visivyo vya serikali ni wafanyakazi wenye haki ya kuwa na Chama. Kisha tarehe 14 Novemba 2022 wafanyakazi kama 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa shahada za juu, na waliongozwa na UAW, chama kilichoanza na wafanyakazi wa viwanda vya magari. Mgomo uliisha tarehe 23 Desemba, wakapata mapatano yenye nyongeza ya mishahara na fedha za kulea watoto. Jambo lililoandikwa katika mapatano haliondolewi kwa barua ya asubuhi moja. Atakayetaka kuliondoa sharti arudi mezani.

Basi mzazi ambaye mtoto wake anajiandaa kusafiri, mwambie aulize maswali haya, na majibu ayapate kwa maandishi kabla ya kupanda ndege.

Kwanza, ni nani anayelipa ada ya bima: chuo, au inakatwa katika posho yake? Pili, bima inaanza siku gani na kwisha siku gani, na je, miezi ya likizo ya kiangazi imo? Tatu, mgonjwa hulipa kiasi gani mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa? Nne, meno na macho yamo? Mara nyingi hayamo, hununuliwa mbali. Tano, mke, mume na watoto wamo, na kwa bei gani?

Sita, akili ikichoka, kuna mtu wa kumsikiliza, na ni mara ngapi bila malipo? Msicheke swali hili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 katika jarida la Nature Biotechnology ulionyesha kwamba wanafunzi wa shahada za juu waliohojiwa walipatwa na huzuni nzito na wasiwasi mara sita kuliko watu wa kawaida. Mtoto akiandika kwamba halali usingizi, asiambiwe ajikaze tu. Aambiwe aende kwa mshauri wa chuo.

Saba, likitokea la kutokea, bima itarudisha mwili nyumbani? Sote tumewahi kuchanga fedha za kurudisha maiti kutoka ng'ambo. Wenye viza ya J-1 wanalazimishwa na sheria kuwa na bima yenye dola 25,000 kwa ajili hiyo, na dola 50,000 za kumrudisha mgonjwa kwao. Mwenye viza nyingine aulize mwenyewe.

Mzazi asidhani kwamba makato yake yatamwokoa mtoto. Tangu Oktoba 2024 sisi wenye mishahara twakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii, lakini kadi yetu haimfuati mtoto kila aendapo kwa daktari huko ng'ambo.

Mwisho, twageukia nyumbani. Vijana wa kujifunza kazi walio katika idara zenu, matibabu yao yameandikwa katika mapatano, au yanategemea moyo mwema wa bwana fulani? Bwana mwema huhamishwa, hustaafu, hubadili nia. Twataka kila tawi lifanye hesabu ya vijana hao, liandike jinsi wanavyotibiwa sasa, na kuleta orodha kwa Katibu kabla ya madai mapya kupelekwa kwa mwajiri. Na vijana wenyewe wajiunge na Chama leo, wasingoje mpaka waitwe mafundi.