Kompyuta Hizi Hazijafa

Imekuwa desturi kwa baadhi ya mafundi kumwambia mwalimu kuwa kompyuta yake ya nyumbani imekufa, anunue nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Tuchukue mfano wa RAM. Kompyuta nyingi za mwaka 2008 hutumia DDR2, ya volti 1.8. Ndugu yetu huuziwa DDR3, ambayo ni ya volti 1.5 na pengo lake limechongwa mahali pengine, kwa hiyo haiingii. Na fundi mwenye haraka huisukuma kwa nguvu hata tundu likavunjika. Hata apatapo iliyo sawa, akafikisha gigabaiti 8, Windows ya biti 32 haitatumia zaidi ya 4. Je, hapo mashine ina kosa gani?

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Hapana budi kusoma namba ya modeli kwenye ubao mkuu na kutafuta kitabu chake cha maelezo kabla ya kutoa hata senti moja. Kisha kuchomoa vifaa vyote vipya na kurudisha kimoja kimoja mpaka mkorofi ajulikane.

Ni kweli kwamba Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kwamba Windows 11 hudai TPM 2.0, ambayo mashine za umri huo hazina. Lakini huo ni uamuzi wa muuzaji. Zipo Linux nyepesi zinazozikubali, tena bila malipo, na mwalimu ataendelea kuandika mitihani yake.