Mguu wa Mtoto na Mguu wa Baba



Baada ya swala ya Alasiri, viwanja vyetu vya hapa Waa hujaa. Watoto waliotoka madrasa huwania mpira pekupeku, vijana wa sekondari hufuata, na siku za mapumziko hata kina baba waliokwisha kuozesha mabinti huingia kucheza mechi ya wakongwe. Twafurahi, kwani siha ni neema. Lakini mpira ni mmoja, miili ni mbalimbali; na mengi ya majeraha tunayoyauguza majumbani hutokana na kulisahau jambo hilo.

Tuanze na mtoto. Anapobaleghe, mifupa hurefuka upesi kuliko misuli na kano zake. Aliyeweza jana kuinama na kugusa vidole vya miguu, leo hafiki. Misuli ya paja iliyokaza huivuta kano iliyoshika kwenye mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, mahali ambapo mfupa wenyewe haujakomaa. Pakavimba, pakauma kila anapokimbia, kuruka au kupiga mpira. Kwa wadogo zaidi, wa miaka 8 hadi 14, maumivu ya namna hiyo hushika kisigino.

Mtoto huyu akisema hawezi, huambiwa ni mvivu. Au hupelekwa kwa mkandaji, naye akakandwa kwa nguvu palepale panapouma, maumivu yakazidi. Anachohitaji ni kupunguziwa mchezo kwa muda, kuwekewa barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, na kunyoosha misuli taratibu maumivu yanapopungua. Mifupa ikishakomaa, hali hii kwa kawaida huondoka.

Mabinti zetu nao wanacheza, na mama wafaa kujua mambo mawili. Msichana huanza kurefuka kwa kasi takriban miaka miwili kabla ya mvulana, basi maumivu hayo humjia mapema. Pili, kano za ndani ya goti huchanika kwa wasichana mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana, hasa anapotua vibaya baada ya kuruka au anapogeuka ghafla. Afundishwe kutua akiwa amekunja magoti, wala magoti yasiingie ndani.

Sasa tumtazame baba. Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua na kano hukakamaa. Wiki nzima amekaa juu ya pikipiki au dukani. Jumapili anaingia uwanjani na kuchomoka kama kijana wa miaka 18. Hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja unapochanika, au kano ya kisigino inapokatika. Aliyekatika kano hiyo mara nyingi hugeuka kutazama ni nani aliyempiga teke, na nyuma yake hapana mtu. Kupona huchukua miezi mingi. Na mguu huo ndio unaokanyaga breki ya bodaboda, ndio unaokwea mnazi, ndio unaosukuma ngalawa. Ukilala mguu, na chungu cha nyumbani hulala.

Kinga ipo, nayo haina gharama. Wengi wetu hudhani inatosha kusimama na kuvuta mguu kidogo kabla ya kipenga. Haitoshi. Mwili hutaka kupashwa joto kwa kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu za mapaja na kiuno, ya kusimama kwa mguu mmoja, na ya kuruka na kutua. Shirikisho la soka duniani lilitayarisha mazoezi ya aina hiyo ya dakika 20, yaitwayo FIFA 11+. Jijini Lagos, Nigeria, yalijaribiwa kwa vijana 416 wa miaka 14 hadi 19. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41. Huko Norway, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wasichana waliofanya mazoezi hayo walipunguza majeraha kwa karibu thuluthi. Kunyoosha misuli kwa utulivu, sekunde 30 kila msuli, kuna faida zaidi baada ya mchezo, mwili ukiwa na joto.

Basi mama, kabla hujatoa ruhusa, muulize mwalimu wa timu: mazoezi huanza na nini? Nawe baba, fika robo saa kabla ya wenzako. Na yeyote aliyeumia akashindwa kupiga hatua nne, au kiungo kikapinda, au akasikia kitu kimekatika mguuni, asikandwe wala asivutwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, Kwale au Msambweni, apigwe picha ya mfupa.

Mtume wetu (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyejikalifisha kwa ibada, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya funga na kisimamo cha usiku, je, hautakuwa nayo mbele ya mpira? Haki ya mtoto ni kusadikiwa anaposema anaumwa. Haki ya mtu mzima ni kuukubali umri wake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wanetu na waume zetu, na awape shifaa walioumia. Amin.