Kokoa ya Kyela, mkataba wa London

MKULIMA wa Ipinda akipeleka kokoa yake kwenye chama cha msingi, hupimiwa, hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada. Siku fedha zinapoingia, kwake biashara imekwisha. Lakini kokoa ile ikishavuka bandari huingia katika mkataba mwingine ambao yeye hajapata kuuona.

Sehemu kubwa ya kokoa duniani huuzwa kwa mikataba ya Shirikisho la Biashara ya Kokoa lenye makao yake London. Mikataba hiyo hufuata sheria za Uingereza, na ugomvi kuhusu ubora au ucheleweshaji huamuliwa na wasuluhishi huko huko. Asidhani mtu kwamba uamuzi wa London hautufikii. Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa New York, unaoziwezesha mahakama zetu kukazia tuzo za usuluhishi zilizotolewa nje ya nchi. Msafirishaji akipata hasara huko, msimu unaofuata atapunguza bei anayotoa mnadani.

Utandawazi umeibadili pia kazi ya uwakili hapa nchini. Kampuni kubwa kama Clyde & Co ya Uingereza na Bowmans ya Afrika Kusini zimefungua ofisi Dar es Salaam. Vijana wetu wamepata ajira na ujuzi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Tatizo ni kwamba ujuzi huo umelundikana upande mmoja wa meza. Mnunuzi mkubwa huja na wakili. Chama cha msingi huja na mwenyekiti na katibu wake.

Pengo hilo litazidi kuuma. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kokoa iingiayo huko ioneshe shamba ilikotoka, na kwamba haikulimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haukufutwa. Nani atalipia upimaji wa mashamba? Nani atamiliki takwimu hizo? Majibu yataandikwa kwenye mikataba, na asiye na wakili ndiye atakayebebeshwa gharama.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ni hatua njema, lakini haimsaidii mkulima ambaye chama chake kimesaini kurasa 30 za Kiingereza.

Ni rai yetu kwamba vyama vya msingi vya Kyela, pamoja na chama kikuu chao, viajiri mwanasheria mmoja wa biashara. Gharama haitishi. Kwa kila tani 1,000, makato ya shilingi 10 kwa kilo yanatoa shilingi milioni 10. Makato hayo yapitishwe na mkutano mkuu, na hesabu zake zisomwe hadharani, maana wakulima wamechoka na makato yasiyo na maelezo.

Pili, mkataba wowote unaomgusa mkulima uwe na nakala ya Kiswahili, isomwe mkutanoni kabla ya kusainiwa. Nacho Chama cha Wanasheria Tanganyika kiwashawishi mawakili vijana wafike Kyela, si kubanana Dar es Salaam tu.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mkulima wa kokoa naye anoe chake.