MIMI NILIKULIA BANDA LA GEMU, WA KWAKO ANALELEWA NA SIMU. MAMA, TUAMBIANE UKWELI

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini hili leo silali nalo. Chukua chai yako, soma mpaka mwisho, halafu kama ni kunitukana nitukane.

Wiki hii nimempokea mama mmoja. Simtaji, na mambo madogo nimeyabadilisha asijulikane. Kaja na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, miguu ina alama za fimbo. Namuuliza mama imekuwaje, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Nesi, huyu nimemkuta banda la gemu. Hizi gemu zinaharibu watoto, bora nimuumize mapema."

Sawa. Sasa tazama mapajani. Yuko mdogo wake, miezi minane. Mama anampa uji, na ili mtoto afumbue mdomo, simu imesimamishwa mbele yake, katuni inaimba. Simu ikiondolewa, kilio. Ikirudi, kijiko kinaingia. Mtoto haangalii uji, haangalii kijiko, hamwangalii hata mama yake.

Nikamuuliza, "Mama, na huyu je?" Akacheka. "Huyu ametulia tu, nesi."

Ndo maana naandika. Mama unayempa mtoto wa miezi minane simu ili ale, huna haki ya kumchapa kaka yake kwa sababu ya gemu. Umekasirika? Subiri, mimi mwenyewe ni mtoto wa banda la gemu.

SEHEMU YA 2

Mnaonijua mnajua nimezaliwa hapahapa Kwa Sadala. Mwaka 2002 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara kuu ya Moshi–Arusha, kulikuwa na banda la mabati, televisheni mbili, PlayStation mbili na mabenchi. Mechi moja shilingi mia. Aliyefungwa anatoka, mshindi anabaki.

Gemu ilikuwa moja tu iliyotufanya tusilale: Winning Eleven. Ni mpira wa Wajapani, wa kampuni ya Konami, ulioanza mwaka 1995. Baadaye wengi mliijua kwa jina la Pro Evolution Soccer. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Kijapani kabisa. Maandishi yote ni vile vijialama vyao, hakuna mtu Kwa Sadala aliyejua kusoma hata kimoja. Lakini tulijua: bonyeza chini mara mbili, kisha duara, hapo unachagua timu. Ukitaka kubadilisha mchezaji, cha tatu kutoka juu. Tuliisoma kwa kukariri na kwa kukosea.

Na kila mtu alitaka Brazili. Ilikuwa mwaka wa Kombe la Dunia, Ronaldo, Rivaldo, Roberto Carlos. Ukichelewa kuichukua, umekwisha.

Mimi nilikuwa msichana peke yangu mle ndani. Siku ya kwanza walinicheka, wakanipa padi iliyokwama kitufe. Nilifungwa nne. Nikarudi. Nikafungwa tatu. Nikarudi tena. Siku niliyomfunga kijana wa kidato cha tatu moja bila, banda zima lilisimama, na yeye alitoka bila kuaga.

Sasa sikudanganyi, mimi sikuwa malaika. Mia zile nilizitoa wapi? Kwenye chenji ya chumvi na mafuta ya taa. Niliiba. Na siku moja mama, ambaye alikuwa anauza ndizi sokoni, alihesabu.

SEHEMU YA 3

Alikuja bandani na kandambili mkononi. Ruwa! Nilijua nimekufa.

Alinichapa, kweli. Mara mbili, mbele za watu, kwa sababu ya wizi. Halafu akafanya jambo ambalo nimelielewa nilipopata mtoto wangu mwenyewe. Akakaa kwenye benchi. Mama yangu, na kanga yake ya sokoni, katikati ya wavulana wale, akaangalia mechi nzima. Akauliza, "Huyu wa njano anatafuta nini huku peke yake?" Vijana wakamweleza. Akauliza mwenye banda: mnafungua saa ngapi, mnafunga saa ngapi, mtoto anacheza kwa shilingi ngapi, na wakubwa wanaovuta sigara hapa ni akina nani.

Tulipofika nyumbani akatoa sheria. Jumamosi tu. Mechi tatu tu. Kwanza vyombo, maji na majani ya ng'ombe. Hela atanipa yeye mkononi, na siku nikigusa chenji yake banda nitalisikia kwa jina. Na kwa mwenye banda alishaacha ujumbe: "Ukimwona huyu siku ya shule, nifuate sokoni."

Nilicheza hivyo miaka minne. Nikamaliza kidato cha nne, nikaenda chuo, nikapata stashahada yangu ya uuguzi, leo nawachoma watoto wenu sindano.

Kuna mtu ataniambia, "Kwa hiyo gemu ndo ilikupa unesi?" Hapana, ni ada ya ndizi za mama. Lakini nikiwa wodini usiku kuna vitu najua nilivitoa wapi. Tuliwahi kuletewa mashine ya msaada, maandishi yake ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wenzangu wakairudisha kwenye boksi. Mimi nilikaa nayo, nikaigusa kitufe kimoja kimoja bila mgonjwa, nikaandika kwenye karatasi kila kimoja kinafanya nini, tukamwita fundi akathibitisha, ikaanza kazi. Woga wa maandishi nisiyoyajua ulikwisha mwaka 2002 kwenye benchi la mbao.

Na kushindwa. Mle bandani nilijifunza kufungwa mbele za watu, kunyanyuka, kupanga foleni, kurudi. Unesi ni hivyohivyo. Mshipa umeukosa, mtoto analia, mama anakuangalia vibaya. Unatulia, unatafuta tena.

SEHEMU YA 4

Sasa wale wa "gemu ni shetani", nakuja kwenu.

Mwaka 2007 jarida la Archives of Surgery lilitoa utafiti wa New York uliohusu madaktari 33 wa upasuaji. Walipimwa kwenye mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, ule unaofanywa kwa kuangalia kioo. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walikuwa na makosa pungufu kwa asilimia 37 na kasi zaidi kwa asilimia 27 kuliko ambao hawakuwahi kucheza.

Soma vizuri kabla hujakimbilia kumnunulia mtoto PlayStation. Ni madaktari 33 tu, na huenda wenye mikono myepesi ndio wanaopenda gemu tangu mwanzo. Tena ni saa tatu kwa WIKI. Siyo saa tatu kabla ya chakula cha mchana.

Na upande wa pili upo, siufichi. Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu inashika nafasi ya kwanza mbele ya shule, kula na watu, na anaendelea hata anapoona inamharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi kumi na miwili. Mtoto aliyechelewa kurudi Jumamosi moja hana ugonjwa huo, amechelewa tu. Mwambie, mwekee sheria, mfuatilie.

Lakini mama wa miezi minane, wewe una maelekezo yako. Shirika hilohilo mwaka 2019 lilisema: chini ya mwaka mmoja, skrini hapana kabisa. Mwaka mmoja, bado hapana. Miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Na mtoto wa miezi 4 mpaka 11 anahitaji kulala saa 12 mpaka 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo.

Mtoto wa miezi minane anajifunza kula kwa kushika uji, kuumwaga, kukuangalia usoni. Anajifunza kusema kwa kukuona mdomo. Akila huku macho yako kwenye katuni hajui hata ameshiba saa ngapi. Halafu akifika miaka miwili hasemi, unaniuliza mimi, "Nesi, kwani ana ulimi mzito?" Kuchelewa kusema kuna sababu nyingi, na mlete tumwangalie, usikae nyumbani ukisubiri. Lakini swali langu la kwanza litakuwa: mchana kutwa anaongea na nani?

SEHEMU YA 5

Sasa sehemu inayoniuma. Gemu yangu ile imekufa. Mwaka 2021 Konami waliibadilisha jina, sasa ni eFootball, na unaipakua bure kwenye simu. Bure! Mia yangu haihitajiki tena. Furaha ilioje, siyo?

Hapana. Mle ndani sasa wanauza bahati. Unanunua sarafu za gemu, unavuta mchezaji bila kujua atatoka nani. Ukipata mzuri unaruka, ukipata mbovu unavuta tena. FIFA nao walikuwa na pakiti zao kama hizo, mpaka Ubelgiji mwaka 2018 wakasema hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi zake kule. Watoto wa Ubelgiji walipata wa kuwasemea. Wa kwetu?

Wa kwetu wana dubwi. Mnazijua hizo mashine, ziko mpaka kwenye vibanda vya chipsi. Unatumbukiza sarafu ya mia mbili, taa zinazunguka. Mtoto wa ndugu yangu alitumwa kusaga mahindi, akarudi na mahindi yaleyale na hela hana. Alikuwa amesimama kwenye dubwi, na mtu mzima pembeni anamshangilia. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini sisi tunapita, tunasema "watoto wa siku hizi na magemu yao."

Mama, hiyo siyo gemu! Kwenye Winning Eleven nilifungwa kwa sababu sikujua kucheza, nikajifunza, nikafunga. Kwenye dubwi hakuna cha kujifunza. Hata usimame mwaka mzima, mashine haikufundishi kitu, inakumaliza. Ukiita vyote "gemu" unamchapa anayejifunza na unamwacha anayeliwa.

SEHEMU YA 6 (YA MWISHO)

Najua mtakachosema. "Nesi, wewe una mshahara. Mimi niko sokoni toka alfajiri, msaidizi sina, simu ndo inanilelea." Nakuelewa, dada yangu. Na mimi nina mtoto, na kuna siku nimetoka zamu ya usiku nikampa simu nilale dakika ishirini. Nikaamka baada ya saa mbili. Sikuandiki kutoka mbinguni.

Lakini mama yangu naye alikuwa sokoni toka alfajiri. Hakuwa na muda kunizidi wewe. Alitumia mechi moja, dakika kama kumi, kukaa kwenye benchi na kuuliza. Mabanda tuliyoyachoma moto kwa maneno, mzazi aliweza kuingia akaona nani yuko ndani. Simu haina mlango, na mwenye banda wake haji kukufuata sokoni.

Kwa hiyo wiki hii fanya haya:

Mtoto chini ya miaka miwili, simu isimkaribie wakati wa kula. Atalia siku tatu, nne. Vumilia. Mpe kijiko chake mwenyewe, acha amwage.

Mkubwa, muulize anacheza gemu gani, kisha KAA naye mechi moja. Shika padi. Fungwa. Utajua mengi kuliko fimbo itakavyokuambia.

Weka siku, idadi na masharti, na wewe uwe wa kwanza kuyafuata.

Namba ya siri ya pesa za simu mtoto asiijue. Asiijue!

Na dubwi lililo karibu na watoto, msiseme chinichini. Nendeni akina mama watatu, wanne, kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Mmoja atadharauliwa, watano watasikilizwa.

Na binti yako akitaka padi, mpe zamu yake kama kaka yake. Asianze na ile iliyokwama kitufe.

Yule mama wa mwanzo nilimwambia haya yote, kwa upole kuliko nilivyoandika hapa. Alinyamaza, akaiweka simu kwenye mkoba. Mtoto akalia kliniki nzima ikasikia. Kisha akakishika kijiko, akajipaka uji mpaka kwenye nyusi, na kaka yake mwenye alama miguuni akaanza kumcheka. Mdogo naye akacheka. Walikuwa wanaangaliana.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kunyonyesha, sijasahau maswali yenu. Wa kunitukana, uwanja uko wazi hapo chini.

Nesi wenu, Kwa Sadala.