Somo Lililo Sahanini



Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani mwa Mtume (s.a.w.). Siku moja mkono wake ulipokuwa ukizunguka sahani nzima, Mtume hakumkaripia. Alimfunza kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Umar akadumu na adabu hiyo. Somo lilitolewa penye chakula.

Ndugu zetu wa Meru na Embu wamejaaliwa njahi, nduma, ndizi na wimbi. Hata hivyo, asubuhi mtoto hupewa chai na mkate mweupe. Chai inywewapo pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Chuma kikipungua sana, damu hupungua, naye mtoto huchoka na masomo humlemea.

Basi jioni msimulieni kisa cha Umar, kisha mwacheni achague mawe katika njahi na akoroge unga wa wimbi uchachuke usiku. Asubuhi mpikieni uji huo, na chungwa kando, kwani vitamini C husaidia mwili kupokea chuma. Dukani someni naye pakiti: kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi. Je, ni sukari?

Akikataa kula, msimlazimishe; mpeni tena siku nyingine. Nasi wazazi tule mbele yake kile tunachomhimiza ale.

Wabillahi tawfiq.