Programu Kuukuu Si Ushamba

Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana tunaojiita waandishi. Ukikutana na mwenzako hakuulizi umeandika nini. Anakuuliza unatumia kompyuta gani, mfumo gani, programu ya mwaka gani. Ukimjibu kwamba unatumia kitu cha zamani, basi umekwisha. Anakucheka, anakuita mshamba, anakuelekeza kwa fundi. Hadithi yako hajaisoma, lakini ameshaihukumu.

Mimi nami nimewahi kuugua ugonjwa huo, ndiyo maana leo naandika kwa hasira. Nusu ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Kikundi chetu kilikuwa kinakutana kwenye chumba cha kuazima, Magomeni. Tulikuwa na kompyuta moja tuliyopewa na mzee mmoja mstaafu, pamoja na programu yake ya kuandikia ya enzi za DOS. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, hakuna madoido. Ilikuwa inawaka taratibu kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, lakini ikishawaka haina maneno. Unakaa, unaandika. Hadithi zetu zote tuliziandika humo.

Siku moja nikasimama mkutanoni nikasema tunachekwa. Nikasema waandishi wa kileo hawawezi kufanyia kazi mtambo wa makumbusho. Maneno matamu hayo, wenzangu wakapiga makofi. Tukachanga, fundi akaja, akaweka mfumo mpya na programu mpya. Mafaili yetu aliyatunza, hapo simlaumu. Jioni tukafungua hadithi ya kwanza kwa mbwembwe. Tukakuta hivi: Mtotï alimwitá mamá yakå. Ukurasa mzima hivyo hivyo, hadithi zote hivyo hivyo. Programu yetu ya zamani tulipoibonyeza, ikagoma kabisa.

Humo zilikuwamo hadithi saba za dada mmoja wa kikundi chetu, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla. Nakala nyingine hakuna. Wiki ile ile mama yake akaja kutuomba tumchapie kwenye karatasi, awasomee wadogo zake marehemu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata zile hadithi za mwenzenu."

"Zimo mama, ila hazisomeki."

"Zimo, halafu hazisomeki? Ndiyo nini sasa hiyo?"

Sikuwa na jibu. Swali la yule mama ndilo limenifanya nishike kalamu.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana wengi wetu tunadhani kompyuta ina majini. Programu za enzi za DOS zilitengenezwa kwa biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi programu hizo, hata uibembeleze vipi. Hilo ni moja. La pili, baadhi ya programu za wakati ule, WordStar ikiwa mojawapo, zilikuwa zinatia alama kwenye herufi ya mwisho ya neno, ili zijue neno limeishia wapi wakati wa kupanga mistari. Programu mpya haiijui alama hiyo. Inaiona kama herufi nyingine, ndipo mama akawa mamá.

Aliyetuokoa hakuwa mtaalamu. Ni mdogo wake mmoja wetu, kijana wa kidato cha pili, aliyekuja kumfuata kaka yake akasimama nyuma yetu. Akasema, "Kaka, mbona kilichoharibika ni herufi ya mwisho tu?" Loo! Tukatazama tena. Kweli tupu. Na kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili linaishia na irabu, na irabu zetu ni tano, balaa lote lilikuwa la alama tano. Á ni a, å ni e, é ni i, ï ni o, õ ni u. Tukabadilisha moja moja, tukasahihisha yaliyosalia kwa macho, usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya tatu mama akapelekewa karatasi zake.

Sasa sikilizeni. Hadithi zile hazikuokolewa na mfumo mpya. Ziliokoka kwa sababu ile programu ya kizamani iliziandika kwa herufi zilizo karibu na herufi za kawaida, kiasi kwamba mtoto wa shule aliweza kuona kasoro kwa macho yake. Je, zingekuwa zimefungwa ndani ya programu ya kisasa inayochanganya maandishi na mapambo mpaka mwenye macho asione kitu? Tungemwambia nini yule mama?

Najua wapinzani wangu wameshakunja mikono ya shati. Watasema napinga maendeleo. Haya basi, tuulizane: maendeleo ya nani? Windows 11 ilitoka mwaka 2021 ikadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa zilizo kwenye orodha maalum. Kompyuta nyingi za kabla ya 2017 zikaachwa nje, nyingine nzima kabisa, zina nguvu ya kuandikia riwaya mia. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ikafika mwisho wake. Apple nao, mwaka 2019, walitoa macOS Catalina isiyoendesha programu za biti 32. Aliyekuwa na programu yake nzuri, aliyoilipia kwa fedha yake, aliamka akakuta haifanyi kazi kwenye mfumo mpya. Sisemi makampuni hayo yana roho mbaya. Yana biashara. Lakini ratiba ya biashara yao isiwe ratiba ya kalamu yangu. Mimi kompyuta nimeinunua mtumba Kariakoo, na hadithi yangu haijaisha.

Watasema pia kwamba mwandishi makini hawezi kutumia takataka. Ebo! George R. R. Martin, Mmarekani yule wa vitabu vinene vilivyogeuzwa kuwa filamu za televisheni, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti. Programu hiyo ni ya mwaka 1987. Mwambieni naye ni mshamba tuone.

Hoja yao moja naikubali, nayo ni ya usalama. Mfumo usiopata viraka ni nyumba isiyo na komeo. Kuingia nao kwenye intaneti, kufungua barua za watu usiowajua, kushughulikia fedha, huo ni uzembe. Lakini dawa yake ipo. Kompyuta kuukuu iwe ya kuandikia tu, usiiunganishe kokote. Au iwekee Linux nyepesi. Na ile programu ya DOS uipendayo unaweza kuiendesha ndani ya DOSBox, ambayo kazi yake ni kujifanya kompyuta ya zamani. Yote hayo ni bure. Fundi wako hakukuambia? Ungemuuliza.

Na nyie mnaosifia vya kale kwa sababu tu ni vya kale, msinishangilie mapema. Siwatetei. Flopi hufa, diski hufa, na mwandishi mwenye nakala moja kwenye mashine moja anacheza kamari na jasho lake. Sisi tuliicheza kamari hiyo miaka miwili mizima bila kujua, tena kwa jasho la marehemu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili chetu kina bahati ambayo hatuitumii. Hatuna nukta juu ya herufi wala mikia chini yake. Herufi zetu zote, pamoja na ile alama ya ng'ombe, zimo ndani ya ASCII, utaratibu wa mwaka 1963 ambao kompyuta karibu zote za leo bado zinauelewa. Faili la maandishi matupu ya Kiswahili likifunguliwa popote linasomeka. Wenzetu wenye lugha za herufi nyingi wameteseka miaka na miaka kupata tulichopewa bure. Sisi tunakwenda kukifungia kwenye programu ya kukodi, ambayo usipolipa ada ya mwezi unabaki kuitazama kazi yako bila kuweza kuigusa!

Tena tuliwahi kutengenezewa mlango. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maelekezo ya Kiswahili, ya bure. Wangapi kati yetu waliigusa? Tulikuwa tunatafuta ujiko kwa vitu vya kuibia.

Basi nasema hivi. Kabla fundi hajagusa kompyuta yenu, toeni kwanza kila kitu mlichoandika. Kila hadithi iwe na nakala tatu: moja ya maandishi matupu, moja kwenye mfumo ulio wazi kama OpenDocument, na moja ya karatasi. Karatasi haiombi ruhusa ya mtu. Halafu badilisheni mfumo mkitaka, au msibadilishe, shauri yenu.

Na nyie wahariri, wa gazeti hili mkiwemo, acheni kumrudishia kijana kazi yake eti faili lake ni la zamani. Pokeeni maandishi matupu. Pokeeni hata ya mkono. Kama hadithi ni mbovu, mwambieni ni mbovu. Mkimkataa kwa sababu ya programu, hamjamsoma.

Mimi naandikia kompyuta ya kizamani, na makala hii imeandikwa humo. Atakayeona herufi imeharibika mahali, anijulishe. Nitaisahihisha kwa mkono.