Ati Matuga Hakuna Wateja wa Tovuti?

Kila nikimhimiza kijana wa Kombani au Ng'ombeni, huku kwetu Matuga, ajifunze kutengeneza tovuti, majibu huwa yale yale. Nayajibu hapa, maana yanawanyima watu riziki.

"Hiyo ni kazi ya waliosoma chuo kikuu." Si kweli. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni maandishi yaliyozungushiwa alama, hata kwenye simu yaandikika. Kituo cha utafiti cha CERN kiliiachia dunia teknolojia ya wavuti bure mwaka 1993. Hakuna wa kuombwa ruhusa. Kompyuta ya mtumba yatosha kuanzia.

"Wateja wako Nairobi." Hili ndilo linaloniuma. Tazama nyumba za wageni za Tiwi. Wengi wanaofikia pale hujipikia, kwa hiyo wanauliza: jiko ni la gesi? Samaki tutampata kwa nani? Tukitoka Mombasa tupite kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu? Na maji yakipwa, tutaogelea au tutakuta miamba mitupu? Mtoto wa Tiwi ameyajua haya tangu utotoni. Fundi wa mbali atabandika mnazi na machweo, basi. Na mgeni akiona namba kwenye tovuti akampigia mwenye nyumba moja kwa moja, hakuna kamisheni ya wakala wa mtandaoni.

"Facebook inatosha." Inasaidia, lakini pale ni kwa watu; akaunti ikifungwa, picha na wateja vimekwenda nayo. Jina la tovuti la .co.ke hubaki la mwenye biashara maadamu analilipia kila mwaka. Ila liandikishe kwa jina na barua pepe ya mteja, si yako! Nimewahi kumsaidia mama mmoja ambaye fundi wake aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe, kisha akapotea. Tulianza upya, na kadi zote alizochapisha zikawa takataka.

"Akili mnemba imeimaliza kazi hii." Kuandika msimbo inajua. Kwenda kwenye nyumba saa moja asubuhi, jua likiwa upande wa bahari, na kupiga picha ya veranda, haiwezi. Picha hiyo ikiwa na megabaiti 5, ipunguze hadi kilobaiti 200 hivi, la sivyo mwenye bando dogo ataondoka kabla haijafunguka.

"Wiki mbili tu, dola zitamiminika." Huu nao ni uongo, na wanaouuza wanakula ada za watoto wetu. Jipe miezi, fanya mazoezi kila siku. Tovuti ya kwanza mtengenezee mtu wa karibu, fundi seremala au mwenye bodaboda za kukodisha. Ya pili, dai nusu ya malipo kabla hujagusa kompyuta.